Vinyago vya mashetani Malindi: karakana ya yule Mmakonde wa Kwale

Jamani nimekaa na hiki kinyago wiki 7 ndo sasa naandika, manake sikutaka kusifia kitu cha siku mbili. Mi nafanya kazi ya ushauri nasaha hapa Malindi, wanaokuja kwangu wengi ni vijana, na ofisi yangu ilikuwa viti, meza na kalenda basi. Nikataka kitu cha kuweka pale mezani, sio twiga wala Mmasai na mkuki wake, nataka mtu, na yale mtu anayoyaficha.

Nikaelekezwa kwa fundi mmoja ana banda la makuti ndani ya vichochoro vya Barani. Hana kibao, hana jina la duka, ulizia tu Mmakonde utapelekwa. Ni wale Wamakonde wa Kwale waliokaa miaka na miaka bila kitambulisho mpaka 2016 ndo serikali ikawatambua kama Wakenya, yeye mwenyewe alinionesha ID yake kabla hata sijauliza bei ya kitu.

Kazi yake ni vinyago vya mashetani. Wengi wetu tukisikia hilo jina tunadhani ni uchawi wa kale, lakini hii staili sio ya zamani hivyo, ilianza Dar miaka ya 1950 na inatajwa zaidi kwa mchongaji mmoja Mmakonde aliyejulikana kama Samaki. Viungo vinapinda, jicho moja kubwa, mtu anatokea ndani ya mtu. Fundi wangu anasema mashetani yake hayatoki porini, yanatoka kwa majirani na kwake mwenyewe akiwa na hasira.

Nilichonunua mimi kina urefu kama kutoka kiwiko hadi kiganja. Ni mzee kachutama, uso umetulia kabisa kama mtu anayesikiliza hotuba, mikono imekumbatia tumbo. Ukimzungusha sasa, mgongoni kuna mwanya, na ndani ya ule mwanya kuna uso mwingine, bapa, mdogo kama sarafu ya shilingi 20, mdomo wazi. Na ule uso ni mweupe! Nikadhani kapaka rangi, kumbe hapana. Mpingo weusi wake ni wa kiini, lile tabaka jembamba chini ya gome ni jeupe kama samli, wachongaji wengi wanalitupa. Yeye kaliacha kipande kile tu. Yaani uso wa siri ndo kauchonga kwenye ngozi ya nje ya mti, halafu mzee mtulivu tunayemuona sote kamtoa kwenye kiini. Nilikaa chini kwenye kigogo, wallahi, nikakiangalia mpaka fundi akaniuliza, "Mamangu, uko sawa?"

Carl Jung, yule daktari wa Uswisi, alikiita kivuli, ule upande wa nafsi mtu anaoukataa na kuusukuma nyuma, na kadiri anavyousukuma ndivyo unavyozidi kumwendesha bila yeye kujua. Mi hiyo nilisomeshwa chuoni nikafanya na mtihani nikapita, lakini kuingia ilikuja kuniingia pale bandani, vumbi la mpingo limejaa puani.

Kuna kitu kingine kilinifanya nimheshimu. Upande wa mama mi ni Mgiriama, nikamuuliza kama anaweza kunichongea kigango kidogo. Akakataa hapo hapo. Kigango ni ule mti wa kuchongwa wa kumkumbuka mzee wa Gohu (chama cha wazee wa Kigiriama) aliyefariki, kikishasimamishwa hakiondolewi, na tunajua vingapi viling'olewa usiku vikauzwa kama mapambo, mpaka makumbusho moja ya Denver kule Marekani mwaka 2014 ikaamua kurudisha 30. Pesa yangu ilikuwa mkononi na hakuitaka.

Bei alianza 9,000 tukamalizana 6,500. Sio rahisi lakini ni mpingo kweli. Mwaka juzi niliuziwa duka lingine "mpingo" nikaupangusa na kitambaa kibichi kikatoka cheusi, ilikuwa polishi ya viatu juu ya mti mweupe. Huyu alikata kipande akakitumbukiza kwenye ndoo ya maji kikazama kama jiwe, bila hata mi kumuomba.

Sasa makosa. Wiki ya tatu kikapasuka ufa chini, mwembamba kama unywele, manake gogo halikukauka vizuri na mi nilikiweka chini ya feni. Hilo la feni alipaswa kuniambia siku ya kwanza. Nilimrudishia akaziba kwa gundi na unga wa mpingo, hakuchukua hata shilingi, ila alinizungusha "njoo kesho" siku nne. Simu hapokei akiwa na patasi. Nenda baada ya alasiri, asubuhi hayupo.

Lakini mezani kinafanya kazi. Kuna kijana, mara tatu alikuja ananijibu "niko poa" tu, niko poa, niko poa. Mara ya nne akakichukua, akakigeuza, akaingiza kidole gumba kwenye ule mwanya akakaa nacho hivyo hivyo muda mrefu, mi nimenyamaza. Halafu akauliza, "Huyu wa nyuma analilia nini?" Tukaanzia hapo.

Nimeshaagiza cha pili, mwanamke safari hii, nusu ya pesa nimetoa. Nimemwambia gogo likauke kwanza, hata ikichukua mpaka msimu wa upepo wa kusi, nitasubiri.