Nimenunua PS mara mbili, Dodoma na Dar, siku hizi nauliza tundu la sidii kwanza

Toka mwaka jana watu wa kazini wamenigeuza mshauri wa PS, yaani PlayStation, mashine ya kuchezea gemu kwenye TV, kila mshahara ukitoka lazima mmoja anivute pembeni, "kaka nina laki sita na nusu hapa, nichukue ipi?", afu ukianza kumuelezea anakukatisha, yeye anataka jina tu akanunue. Sasa ngoja niandike yote mara moja. Mi mwenyewe nimeshaliwa hela, nimeshakaa na Xbox (mashine ya gemu ya Microsoft) ya shemeji mwezi mzima, na saa hizi sebuleni kwangu Ilazo ipo PS5, kwa hiyo nayoyasema nimeyapitia.

Nimekulia Chang'ombe, hii ya Dodoma sio ile ya Temeke, enzi za mabanda ya PS2. Mechi moja shilingi mia, mshindi anabaki, aliyefungwa anapisha, na mwenye banda ana fimbo ya kuwatimua waliokuja na sare za shule. PS2 ilitoka mwaka 2000 lakini huku kwetu ilizeekea kazini, mpaka namaliza kidato cha nne banda lile lilikuwa bado linaingiza hela. Mi nilikuwa mtu wa kufungwa kiukweli, yaani nalipa mia nacheza dakika sita narudi kukaa kwenye benchi. Nikajiapia nikipata kwangu nanunua yangu nione nani atanipisha.

Ya kwanza ilikuwa PS4 ya mtumba. Niliichukua mjini kwa jamaa mwenye kafremu, laki nne na nusu na padi mbili, akaniambia hii Slim mkuu, ile nyembamba, safi kabisa, nikacheza mechi moja pale pale dukani nikaona inapeta nikabeba. Siku ya tatu nyumbani, mechi ikifika kipindi cha pili feni inaanza kuvuma kama mashine ya kusaga, mama watoto anatoka jikoni anauliza ndo nini hicho, na kabla sijamjibu ikajizima. Fundi alipoifungua alitoa vumbi la kupandia mchicha. Afu akacheka, akanionyesha namba kwa nyuma, ile haikuwa Slim hata kidogo, ilikuwa ile nene ya mwanzo iliyotoka 2013.

Hiyo namba ndo kitu cha kwanza kuangalia ukienda kununua PS4, ipo kwenye stika, inaanza na CUH. Ikifuatiwa na 10, 11 au 12 hiyo ni nene ya kwanza, 20 mpaka 22 ndo Slim iliyoanza kuuzwa Septemba 2016, 70 mpaka 72 ni Pro, ile yenye nguvu zaidi, ya Novemba mwaka huo huo. Muuzaji akikwambia Slim na namba inasema 11, endelea na safari yako tu. Na usijaribu kwa mechi moja kama mimi. Omba nusu saa nzima, weka gemu zito, tega sikio kwenye feni, ingiza sidii uitoe uiingize tena mara tatu nne maana zipo zinazomeza na kugoma kutema, na mwisho jaribu kuingia kwenye akaunti kwa intaneti ya simu yako, kuna mashine zimefungiwa huko na hutajua mpaka ufike nyumbani.

Yangu ilikuwa na balaa lingine, ilikuwa imechipiwa, yaani imechezewa ujanja ili isome magemu yasiyolipiwa. Hapa wengi wanadanganyika kwa sababu unaambiwa ina magemu ishirini ndani bure, na kweli yamo. Ila mashine ya hivyo lazima ibaki na programu ya zamani, ukiapudeti tu ule ujanja umekwisha, online huingii, na kila ikizimika kabisa ukiiwasha inabidi ule ujanja uufanye upya kutoka mwanzo. Sasa fikiria umeme unakatika mara mbili jioni moja, na wageni wako wamekaa wanasubiri, na we umechuchumaa na flashi mkononi. Niliiuza laki tatu na kumwambia mnunuzi ukweli wote, akachukua hivyo hivyo, ana banda Kikuyu ya hapa hapa Dodoma, yeye ndo alikuwa anaitaka ya namna hiyo.

Baada ya hapo shemeji wa Nzuguni alisafiri kikazi akaniachia Xbox Series S yake nimuangalizie. Mashine yenyewe sina neno nayo. Ilitoka tarehe 10 Novemba 2020 siku moja na kaka yake Series X, ni ndogo unaweza kuificha nyuma ya TV, haina kelele kabisa, picha safi, padi yake ndo nzuri kuliko zote nilizowahi kushika na hilo nalisema mi mtu wa PS. Shida ni moja, haina tundu la sidii. Kila gemu unalishusha kwa intaneti, na magemu makubwa ya siku hizi moja linakula GB 50, mengine yanafika 100. Diski yake imeandikwa GB 512 lakini unazoweza kutumia ni kama 364 hivi, zingine zimeliwa na mfumo wenyewe.

Mimi nyumbani natumia bando la simu. Ikabidi niifunge kwenye begi la mgongoni, nipande boda mpaka Area D kwa rafiki yangu mwenye fayba, niiache ilale pale ikishusha, kesho asubuhi naifuata. Mara ya kwanza mke wake alicheka sana, mara ya pili nikaona ameanza kuniangalia. Mwezi mzima nimecheza magemu mawili! Na kununua gemu lenyewe nako ni safari, akaunti shemeji aliifungua ya Uingereza, kwa hiyo unatafuta vocha za paundi kwa watu wa mtandaoni, bei wanajipangia wao. PlayStation nako hivyo hivyo, ukifungua akaunti Tanzania haimo kwenye orodha ya nchi, watu wanajiandikisha Afrika Kusini, Uingereza au Marekani, ila kule angalau sidii ipo, hulazimiki kupita mlango huo.

Ndo maana nasema tundu la sidii kwanza, mengine baadae. Kazini kwetu Mtumba, kule mji wa serikali, tupo sita wenye PS, kila mmoja ananunua sidii yake moja na zinazunguka, leo iko kwangu wiki ijayo iko kwa mwingine. Sidii ya PS4 ya mtumba nanunua elfu arobaini au hamsini, nikiichoka nauza thelathini na tano, yaani nimecheza miezi mitatu kwa hela ya chipsi kuku. Gemu la kushusha ukilichoka ndo limekwisha, huwezi kumuuzia mtu wala kumuazima. Na sidii haikuulizi bando. FIFA 20 yangu, gemu la mpira la kampuni ya EA, haijawahi kuonja intaneti toka niinunue, ndo maana Samatta bado yupo Genk pale pale, Aston Villa alienda Januari 2020 lakini kwenye TV yangu hajui hizo habari, watoto wanamchukua Genk wanafunga nae mabao wanafurahi, na mi nimeacha kuwasahihisha.

Basi nikajichanga. Nikapanda SGR daraja la kawaida, elfu thelathini na moja, nikashuka Dar na kwenda Kariakoo. PS5 zipo za aina kadhaa na wauzaji wanazichanganya makusudi. Kuna ile kubwa ya Novemba 2020, kuna Slim ya Novemba 2023 yenye TB 1, na kuna Pro ya Novemba 2024. Halafu kubwa na Slim zote zina dada yao anaitwa Digital ambaye hana tundu, anauzwa bei ya chini na maboksi yanafanana, usome vizuri. Cha ajabu kuliko vyote Pro ambayo ndo ghali zaidi inakuja bila tundu, sehemu ya sidii unanunua pembeni! Kwenye Slim ya Digital nako unaweza kuja kuichomeka baadae, ila siku ya kuifunga lazima uwe na intaneti mashine iitambue, bila hivyo haisomi. Mi nilichukua Slim yenye tundu lake tayari, milioni moja na nusu kasoro kidogo, baada ya kuzunguka maduka manne na jua lile la Dar ambalo sisi watu wa Dodoma linatuonea.

Niwe mkweli, sio wote mnahitaji PS5. Mtu anayeniuliza ana laki sita na anachotaka ni kucheza mpira na wanae namwambia chukua PS4 Slim na usilale na mawazo. EA mpira wao, ule wa FIFA ambao siku hizi unaitwa FC, bado wameuleta kwenye PS4, mpaka FC 26 ya 2025 ipo, na eFootball, gemu lingine la mpira, ni ya bure haihitaji hata kulipia online. Mi nilienda PS5 kwa sababu inasoma na sidii za PS4, karibu zote, kwa hiyo zile sita za mzunguko zikaendelea kama kawaida. Ila padi za PS4 kwenye PS5 zinachezea magemu ya PS4 tu, gemu la PS5 lenyewe linazikataa, hilo sikulijua na nilikuwa nimeshawaalika watu wanne. Padi original ya pili nikaja kuitoa laki mbili na ushee. Zipo feki za elfu arobaini za PS4 usiziguse, wiki mbili tu mchezaji anaanza kukimbia mwenyewe kuelekea kona hujagusa kitu.

Kuhusu Switch, mashine ya Nintendo, sina mengi. Wajapani wametengeneza kitu kizuri, unachomoa unacheza hata kitandani, toka Machi 2017, ila gemu zake ni vile vikadi vidogo na hapa Dodoma mi sijapata hata mtu mmoja wa kubadilishana nae.

Vumbi sasa. Anayekaa hapa anaijua ile miezi ya Julai na Agosti upepo ukivuma, unafuta meza saa mbili saa nne unaandika jina lako juu yake. PS usiiweke chini, usiifungie kwenye kabati la kioo, na usiifunike na kitambaa ikiwa inawaka, nimeona mtu anafunika na kile cha kufuma cha kwenye makochi. Ikizimwa ndo funika. PS5 ukivua mfuniko wa pembeni kuna vitundu vya kukusanyia vumbi, unavuta na mashine ya kufyonzea vumbi au unafuta taratibu bila kufungua ndani. Na mfuniko ndo mwisho wako, kule kwenye prosesa wameweka metali iliyo majimaji badala ya ile pesti nyeupe, fundi aliyezoea PS4 akipachokonoa ikimwagika kwenye bodi umezika milioni.

Umeme nao, watu wananiuliza LUKU sana. PS5 ikicheza gemu zito inavuta kama wati 200, kwa hiyo masaa matano ni uniti moja, jumlisha na TV. PS4 Slim inavuta karibu nusu ya hapo. Sio mchezo huo unaowamaliza, angalieni pasi na jiko. Kinachoua ni kukatika na kurudi kwa kishindo, chomeka kwenye friji gadi au stabilaiza inayochelewesha, ya kwangu ya elfu sitini imeshaniokoa sijui mara ngapi. Ukikatika katikati, ukiwasha itakwambia haikuzimwa vizuri na itaanza kukagua diski, iache imalize usiichomoe kwa hasira.

Kwenye burudani zingine, YouTube na Netflix zipo na zinafanya kazi ukiwa na bando. Ila aliyenishangaza ni mama mkwe, alikuja kututembelea na mfuko wa DVD zake za kwaya, deki yao imekufa siku nyingi, nikaweka moja kwenye PS5 ikacheza vizuri tu, mama wa watu akakaa siku tatu mbele ya PS anaimba nayo na sisi wenye mashine tukakosa zamu. Akatoa na sidii za muziki za zamani, hizo ikazikataa, PS4 na PS5 hazisomi sidii za muziki, ikabidi nimuombe radhi kwa niaba ya Wajapani.

Mwenye watoto aangalie ile namba kwenye kona ya boksi la sidii, 3, 7, 12, 16 au 18, ndo umri. GTA, lile gemu la ujambazi, ina 18 na wanaijua wote, kijana wangu wa darasa la tano ameshaniomba kwa mbinu zote mpaka kumtuma bibi yake. Siinunui. Mwenzangu mmoja kazini aliileta kwenye mzunguko na mimi nikaiweka kwenye droo ya ofisini, na ndo ilipo mpaka leo.

FIFA 20 iko kwa jamaa mwingine wa Nzuguni wiki ya tatu sasa. Nikimuuliza anasema kesho, na juzi nimesikia watoto wake nao wanamtaja Samatta, hapo nikajua hairudi leo wala kesho.