Casio fx-991ES PLUS kwa namba kubwa: nzuri, ila angalia mabano

Ukiikuta kalkuleta hii kwenye duka la vifaa vya shule Moshi mjini, usitoe hela kabla hujaijaribu. Andika 5895, yaani mita za Kilimanjaro, bonyeza =, halafu SHIFT, halafu kitufe chenye alama za digrii, dakika na sekunde, ambacho juu yake pameandikwa FACT. Kioo kitoe 3²×5×131. Hiyo = isisahaulike, maana FACT inavunja jibu lililokwisha kutoka kuwa vigawo tasa (namba zinazogawanyika kwa 1 na zenyewe tu), si namba unayoendelea kuiandika.

Kwa anayefundisha au kusoma nadharia ya namba, kitufe hicho peke yake kinatosha kuinunua. Kinapokea namba nzima chanya isiyozidi tarakimu 10. Desimali, sehemu au namba hasi zinaleta Math ERROR.

Tatizo ni mabano. Ipe 1,234,567,890 nayo itajibu 2×3²×5×(13717421). Wanafunzi wengi hapo huandika kwamba 13,717,421 ni namba tasa. Siyo. Mabano yanasema tu kwamba mashine imegota: ama kuna kigawo tasa kinachofika 1,018,081 (ambayo ni 1009²) au kuzidi, ama vigawo tasa viwili au zaidi vina tarakimu zaidi ya tatu. Hapa ni hilo la pili, na kazi iliyobaki ni yako. Njia ya Fermat inafaa sana, yaani kutafuta mraba ambao ukitoa namba yako unabaki mraba kamili: kipeuo cha pili cha 13,717,421 ni 3703 na ushee, kwa hiyo anza na 3704. Kutoka 3704² toa 13,717,421, inabaki 2,195, si mraba kamili. Panda hadi 3705: inabaki 9,604, ambayo ni 98². Basi vigawo ni 3705−98 na 3705+98, yaani 3607 na 3803, vyote tasa. Imekwisha haraka kwa sababu viwili hivyo vinakaribiana. Vingeachana sana, ungekesha.

Mengine ni kuzidisha. Kupata idadi ya vigawo vyote vya 1,234,567,890, ongeza 1 kwenye kila kipeo kisha zidisha: 2×3×2×2×2, vigawo 48. Jumla yake ni (1+2)×(1+3+9)×(1+5)×(1+3607)×(1+3803), au 3×13×6×3608×3804, yaani 3,211,610,688, bado inaenea kwenye kioo. Toa namba yenyewe, inabaki 1,977,042,798. Imezidi 1,234,567,890, kwa hiyo namba hii iko kundi moja na 12, ambayo vigawo vyake vingine vikijumlishwa vinafika 16.

Sasa ipe 2,147,483,647, ambayo ni 2³¹−1. Itaiweka yote kwenye mabano, lakini hii ni tasa kweli. Mwanahisabati Euler alithibitisha mwaka 1772. Kioo hakitofautishi hali hizi mbili, na hapo ndipo inapopoteza maksi. Kuhakikisha kwa mkono ungegawa kwa kila namba tasa hadi 46,340, kazi ya kumwachia kompyuta.

Betri ni LR44 moja, ikisaidiwa na paneli ya jua.