Maji ya miguuni yakaandikwa misuli

Hasira hii nimekaa nayo wiki kadhaa, leo naitoa.

Figo zangu zimechoka, nasafishwa damu mara tatu kwa wiki. Kliniki wakanipeleka kwenye kile kipimo cha mafuta na misuli: unabandikwa vibandiko mkononi na mguuni, umeme mdogo unapita mwilini, wala huusikii. Siku hiyo sikuwa nimesafishwa. Miguu imejaa, ukibonyeza kidole kinaacha shimo. Yule binti wa mashine hakuitazama. Hakuuliza kama nimekojoa, wala kama nina kifaa cha kuusaidia moyo kupiga, swali ambalo lazima liulizwe kabla ya umeme wowote. Nimetoka kupanda ngazi, hakuniacha nilale hata dakika tano. Akabandika, akabonyeza, akatoa karatasi.

"Hongera, misuli imeongezeka."

Misuli! Mimi ambaye kufungua kifuniko cha chupa naomba msaada! Nikamwambia, mwanangu, hayo ni maji. Akajibu macho yakiwa kwenye kioo: "Mashine haidanganyi, mzee."

Mashine ile misuli haiioni kabisa. Inapima namna mwili unavyouzuia umeme. Maji yenye chumvichumvi yanaupitisha, mafuta yanauzuia, basi inakadiria maji yako, halafu inachukulia kwamba karibu asilimia 73 ya mwili ukiondoa mafuta ni maji, ndipo inapata hesabu yake. Kwa mtu asiyevimba, hesabu hiyo inakaribiana na ukweli. Kwangu mimi, uvimbe wote unahesabiwa kuwa nyama.

Nilitaka kuandika kwamba kipimo hiki kitupwe. Nikajizuia kwa sababu ya muuguzi mmoja wa kitengo cha kusafisha damu. Yeye alingoja nimalize, nikapumzika kama nusu saa, akanilaza chali, mikono mbali na kiwiliwili, miguu imeachana, vibandiko upande usio na mshipa wangu wa kusafishia. Akaniambia namba ya siku moja isinitie presha. Tutapima tena hali ikiwa hii hii, tuone inaelekea wapi. Misuli ikatoka pungufu, kama nilivyokuwa nikisema. Siku ile niliipenda mashine, kweli. Kuna mtu alikuwa ameniamini.

Kwa hiyo ni kipimo kizuri, mkononi mwa anayejua. Ndivyo nilivyotaka kumalizia. Lakini nikikumbuka kwamba kwa ile karatasi ya kwanza waliniondoa kwenye orodha ya kuonana na mtaalamu wa lishe, eti naendelea vizuri, roho inachafuka upya. Miezi nimekonda huku faili linasema nanenepa misuli! Karatasi yenyewe bado imo, hakuna aliyeifuta.

Nimepangiwa kurudi kwa binti yule yule. Nitavua soksi kabla hajaniambia nilale, aione alama ya mpira ilivyozama.