Daftari la mmoja, daftari la wote: M-Pesa na Bitcoin

Umetuma pesa kwa M-Pesa, ukakosea tarakimu moja. Moyo unakupasuka, lakini unapiga simu huduma kwa wateja, na kama aliyepokea hajazitoa, muamala unaweza kurudishwa. Hiyo ndiyo nguvu ya hifadhidata ya kampuni moja: mwenye daftari yupo, na kalamu anayo. Ila daftari lenyewe hulioni. Unaona ujumbe wako tu, mengine unaamini.

Bitcoin, sarafu ya kidijitali isiyo na kampuni inayoimiliki, tangu Januari 2009 imelianika daftari hadharani. Kila baada ya dakika 10 hivi bloku mpya, yaani fungu la miamala, huongezwa, ikibeba alama inayokokotolewa kutokana na yaliyomo kwenye ile iliyotangulia. Ukigusa muamala wa zamani, alama zinazofuata hazilingani tena, na maelfu ya kompyuta zenye nakala zinakukataa. Lakini ukimtumia asiye mwenyewe, hakuna wa kumpigia.

Tena uwazi huo huonyesha anwani (mfuatano wa herufi na tarakimu), si majina, wala hauthibitishi kwamba kilichoandikwa ni kweli. Hati ya shamba iliyoghushiwa ikiingizwa kwenye blokicheni, yaani mnyororo wa bloku kama huo, inabaki ya kughushi. Kwa ada ya mwanangu, mimi nabaki na M-Pesa. Daftari la fedha za umma ndilo ningetaka kila mwananchi awe na nakala yake.