Filamu za zamani za Kijerumani: anza na bawabu wa hoteli

Sisi wa Iringa tumewajua Wajerumani kwa majengo yao na kwa makaburi yetu. Boma lao la zamani bado limesimama mjini na sasa ni makumbusho. Kalenga kuna fuvu la Mtwa Mkwawa, lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Na ukienda upande wa Mbeya hadi Rungwe utakuta misheni ya Wamoravian iliyoanzishwa mwaka 1891. Katika kumbukumbu hizo zote Mjerumani yuko juu ya mtu mwingine, ama ameshika bunduki, ama ameshika Biblia. Filamu bora za nchi yake zinamwonyesha akiwa nyumbani kwao, akiwa mzee aliyeachishwa kazi, mama anayesubiri mtoto arudi kutoka shule, au mjane anayefanya usafi katika nyumba za watu. Hiyo ndiyo sababu ya kuzipendekeza kwa watazamaji wa Nyanda za Juu Kusini.

Ni vyema kuanza na filamu bubu, kwa kuwa ugumu wa lugha ndani yake ni mdogo. Nakala zinazopatikana kwa urahisi huwa na maandishi ya Kiingereza, na watazamaji wengi huchoka kuyasoma. Filamu bubu ina maneno machache tu, ambayo mtu mmoja anaweza kuwasomea wenzake kwa Kiswahili, kazi ambayo wasimulizi wa vibanda vya video wamekuwa wakiifanya kwa filamu za Kichina na za Kihindi.

Katika kundi hilo ninaipa nafasi ya kwanza *Der letzte Mann*, yaani Mtu wa Mwisho, iliyoongozwa na F. W. Murnau mwaka 1924. Emil Jannings anaigiza bawabu wa hoteli kubwa, mzee mwenye ndevu nene na koti refu lenye vifungo vinavyong'aa. Jioni anaporudi katika nyumba za kupanga anakoishi, majirani humpigia saluti kwa sababu ya koti hilo. Siku moja meneja anamwona amekaa kupumzika baada ya kubeba sanduku zito kwenye mvua, na kwa uamuzi wa karatasi moja mzee anavuliwa sare na kupelekwa chini kuhudumu katika maliwato ya wanaume. Tazama kwa makini anapovuliwa: kifungo kimoja kinakatika na kuanguka sakafuni, naye anabaki amesimama, mabega yameinama, kana kwamba mifupa yake ilikuwa ndani ya koti. Usiku anarudi kuliiba ili harusini nyumbani kwake aonekane na heshima yake ileile. Katika nyanda hizi, ambako babu zetu waliliona koti la askari likimgeuza kijana wa kijijini kuwa mtu wa kuogopwa, kisa hiki hakihitaji mfasiri. Filamu karibu haina maandishi kabisa, na kamera ya Karl Freund inatembea, inashuka kwa lifti na kuyumba pamoja na mlevi, jambo lililokuwa jipya wakati ule. Kasoro yake ni mwisho. Mtunzi anatangaza kwamba amemhurumia mzee, kisha anamletea utajiri usiotarajiwa, na mimi naona hadithi ilikwisha palepale alipoketi peke yake kule maliwatoni.

Filamu ya pili ni *M*, ya mwaka 1931, filamu ya kwanza ya Fritz Lang yenye sauti. Mji wa Berlin umeingiwa na hofu kwa sababu kuna mtu anayeua watoto. Lang haonyeshi mauaji hata mara moja. Anaonyesha mama akitenga chakula mezani, akitazama saa, akiita jina la Elsie kwenye ngazi zisizo na mtu. Kisha sahani tupu, mpira ukibingirika majanini, na puto lililonasa katika nyaya. Muuaji, anayeigizwa na Peter Lorre, ana mazoea ya kupiga mluzi wa wimbo mmoja, na muuza maputo kipofu ndiye anayemtambua kwa mluzi huo. Kijana mmoja anachora herufi M kwa chaki kiganjani mwake na kumpiga muuaji begani, alama ikabaki kwenye koti.

Uzito wa filamu uko katika sehemu ya mwisho. Wanaomkamata ni wahalifu wenzake, waliochoshwa na misako ya polisi inayowaharibia shughuli zao, nao wanamfungulia kesi katika kiwanda kilichoachwa, huku umati ukidai auawe. Lorre anapiga magoti na kueleza kwamba kuna nguvu ndani yake inayomsukuma, na mtazamaji aliyekuwa akimchukia anajikuta amelazimika kumsikiliza. Mikoa yetu imeshuhudia watu wakiuawa na umati kwa tuhuma za wizi au uchawi kabla ya hakimu kusikia lolote, na kwa hiyo ningependa filamu hii itazamwe na watu wazima wengi kadiri inavyowezekana. Miaka miwili baadaye Hitler alikuwa ameshika madaraka, na Lang na Lorre wote wawili waliondoka Ujerumani.

*Metropolis*, ya Lang huyo huyo na ya mwaka 1927, ina sifa kubwa zaidi duniani, lakini mimi naiweka chini ya *M*. Mji wa matajiri ulio juu na wafanyakazi wanaoishi chini ya ardhi ni picha isiyosahaulika, na sehemu zilizopotea kwa miaka mingi zilipatikana Buenos Aires mwaka 2008. Hata hivyo, hadithi inamalizwa kwa bwana na msimamizi wa wafanyakazi kupeana mikono, bila kusema mshahara utakuwaje.

Kwa watoto ipo *Die Abenteuer des Prinzen Achmed*, ya Lotte Reiniger, iliyotoka mwaka 1926. Ni filamu ndefu ya katuni iliyo kongwe kuliko zote zilizosalia. Reiniger alikata wahusika kwa mkasi katika karatasi nyeusi na kuwasogeza kidogo kidogo, picha baada ya picha, kwa takriban miaka mitatu. Visa vyake vimetoka katika Alfu Lela Ulela, kwa hiyo farasi arukaye na jini wa taa si wageni kwa msomaji wa Kiswahili. Mzazi ajue mapema kwamba mwovu wa hadithi anaitwa mchawi wa Kiafrika, na azungumze na watoto kuhusu jambo hilo.

Ipo pia filamu ya kuepuka. *Carl Peters*, ya mwaka 1941, ilitengenezwa wakati wa Wanazi ili kumtukuza mwanzilishi wa ukoloni wa Kijerumani katika Afrika Mashariki, ambaye wenyeji walimwita Mkono wa Damu. Ninaitaja kwa sababu ya Mtanganyika mmoja aliyeigiza ndani yake, Bayume Mohamed Husen, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, akawa askari akiwa bado mtoto katika Vita Kuu ya Kwanza, kisha akaishi Berlin akifundisha Kiswahili na kupewa nafasi ndogondogo za kuigiza. Alikamatwa mwaka huohuo wa 1941, na akafia katika kambi ya mateso ya Sachsenhausen mwaka 1944. Jina lake linastahili kujulikana nchini kwake kuliko la huyo Peters.

Katika filamu za baada ya vita, *Die Brücke*, ya Bernhard Wicki ya mwaka 1959, inahusu vijana saba wa miaka 16 walioachwa kulinda daraja lisilo na faida yoyote, vita vikiwa vimebakiza siku chache kwisha. Walimu wa sekondari wangeitumia vizuri sana darasani.

Iliyonigusa zaidi ni *Angst essen Seele auf*, ya Rainer Werner Fassbinder ya mwaka 1974. Emmi, mjane wa makamo anayefanya usafi mjini München, anaolewa na Ali, mfanyakazi kutoka Morocco aliye mdogo kwake kwa miaka mingi. Mwanawe anapiga televisheni teke hadi inavunjika, na mwenye duka anajifanya haelewi Kijerumani cha Ali. Wafanyakazi wenzake Emmi wanamtenga, akawa anakula peke yake kwenye ngazi. Baadaye wanamrudia, kwa kuwa wanahitaji msaada wake, na sasa mgeni mwingine kutoka Yugoslavia ndiye anayekaa peke yake kwenye ngazi zilezile, huku Emmi akiwa miongoni mwa wanaomtenga. Fassbinder hamwachi mwema wake abaki mwema muda wote, na ndiyo maana ninamwamini.

Kwa anayepanga kuonyesha filamu hizi kanisani au shuleni, *Prinz Achmed* inachukua saa moja na dakika chache, *Der letzte Mann* saa moja na nusu hivi, na zote mbili zinafaa kwa familia. *M* na ya Fassbinder ziwe za watu wazima. *Metropolis* kamili inafika saa mbili na nusu, kwa hiyo ni bora kuigawa jioni mbili.