Mkahawa wa ufukweni Unguja: pweza nampongeza, kamba koche siwezi kumsifu

Pweza wa nazi katika mkahawa huu mdogo wa kusini-mashariki mwa Unguja ni miongoni mwa walio bora niliowahi kula: mnofu laini usiolegea, tui zito lililokolea ndimu na pilipili, na wali wa moto pembeni, vyote kwa shilingi 20,000. Huduma ni ya wastani.

Lililonivutia zaidi ni namna pweza huyo anavyofika jikoni. Mpishi humnunua kwa akina mama wanaovua miambani wakati wa bamvua, na hupokea tu aliyeuawa papo hapo kwa kuchomwa katikati ya macho, si aliyeachwa afe polepole kapuni. Jambo hili lina uzito, kwa kuwa pweza ana seli za neva zipatazo milioni 500, nyingi zikiwa mikononi mwake, na katika jaribio lililochapishwa na mtafiti Robyn Crook mwaka 2021, pweza waliodungwa asidi walikwepa chumba walichokuwa wamekipendelea, ilhali walikipenda kile ambamo walipata nafuu kwa dawa ya ganzi. Mwili unaweza kujikunyata bila mwenyewe kuhisi chochote. Lakini anayekumbuka mahali alipoumia na kupakimbia ana kila dalili ya kiumbe ambaye yanayompata ni mema au mabaya kwake mwenyewe. Kwangu, hiyo ndiyo maana ya kuwa na hisia.

Kwa kamba koche, hali ni nyingine kabisa. Hutumbukizwa wazima katika maji yanayochemka, na nilisikia wakipigapiga ndani ya sufuria. Nilipouliza, nilijibiwa kwa upole: "Kiumbe wa baharini hachinjwi, kaka." Ni kweli, hachinjwi, lakini mafundisho yaleyale yanayotutaka tunoe kisu na kumpumzisha mnyama yanalenga kumpunguzia maumivu, na sioni kwa nini huruma hiyo iishie ufukweni. Uswisi ilipiga marufuku kuchemsha kamba koche bila kuwapoteza fahamu kwanza mwaka 2018, na sheria ya Uingereza ya mwaka 2022 inawatambua pweza, kaa na kamba kuwa viumbe wenye hisia, baada ya jopo lililoongozwa na mwanafalsafa Jonathan Birch kupitia tafiti zaidi ya 300.

Jiko hili lina kisu kizito na kikali. Kumpasua kamba koche kwa haraka kufuata mstari wa katikati, kuanzia kichwani hadi mkiani, ambako ndiko neva zake zimepangika, ni kazi ya sekunde chache kwa mpishi mwenye ustadi kama huyu. Nilimweleza hivyo, naye alisikiliza bila kuahidi.

Nimeupa nyota tatu kati ya tano, zote kwa ajili ya pweza. Agizeni huyo, na mfike kabla ya magharibi, kwa kuwa huisha mapema.