Rumours ya Fleetwood Mac: sikilizeni dramu na besi kabla ya umbea

Watu wengi wakikusimulia hii albamu wanaanza na nani kamwacha nani, nani alikuwa anatoka na nani, na ni kweli hiyo stori ipo na ni nzito, ila ukiisikiliza kwa ajili ya hiyo tu utapitwa na mengi sana. Mimi kila nikiiweka kinachonivuta ni Mick Fleetwood kwenye dramu na John McVie kwenye besi, jinsi wanavyoacha nafasi, hawajazi kila kona, wanapiga kidogo halafu wanakaa pembeni wanawapisha wanaoimba. Ndo uti wa mgongo wa albamu nzima huo.

Stori yenyewe kwa kifupi maana bila hiyo nyimbo zingine hutazielewa. Bendi ilianzia London 1967 ikipiga blues, mwisho wa 1974 wakaingia Wamarekani wawili wapenzi, Lindsey Buckingham (mwanaume, gitaa na kuimba) na Stevie Nicks (mwanamke, mwimbaji), wakatoa albamu 1975 ikafanya vizuri. Mwanzoni mwa 1976 wanaingia studio ya Record Plant kule Sausalito, California, kutengeneza nyingine, na hapo John na mkewe Christine McVie, mwimbaji na mpiga kinanda wa bendi, ndoa imekwisha, Lindsey na Stevie wanavunjika, Mick naye kwake hakukaliki. Na hakuna aliyeondoka! Wamejifungia kwenye studio ya mbao isiyo na madirisha, kokaini tele, halafu mtu anaimba maneno yanayomsema mwenzake ambaye yuko hapo hapo anafanya naye kazi. "Go Your Own Way" ni Lindsey anamsema Stevie, na Stevie huyo huyo ndo anaitikia kwenye kiitikio. "You Make Loving Fun" Christine kamwandikia mpenzi wake mpya, fundi wa taa wa bendi, na ile besi tamu ya mle ndani kapiga John, mume aliyeachwa. Jamani.

Sasa tuje kwenye muziki wenyewe.

"Dreams" Stevie aliutunga kwenye chumba cha pembeni mle mle studio, chumba kilichokuwa kimetengenezwa kwa ajili ya mwanamuziki Sly Stone, akiwa peke yake na kinanda cha umeme, na alipowaletea wenzake, Christine aliuona umepooza kwasababu ni kodi (chords, noti zinazopigwa pamoja) zile zile zinajirudia mwanzo mwisho. Alichofanya Lindsey ni kuzichukua kodi hizo hizo na kuzivalisha tofauti kila sehemu, hapa gitaa linalia kwa mbali, hapa kinanda, hapa sauti za nyuma zinaingia zote, mpaka unadhani wimbo una sehemu tatu kumbe ni kitu kile kile. Weka hedifoni usikilize hiyo, utaelewa kwanini ndo singo yao pekee iliyofika namba moja Marekani. Na kumbuka anayeupamba wimbo ndo huyo huyo anayeambiwa kwaheri ndani ya wimbo. Kwangu hiyo ni heshima kubwa ya kazi.

"The Chain" ndo pekee ambao wote watano wameandikwa watunzi, na inasikika, maana ni vipande vya nyimbo tofauti vilivyokatwa na kuunganishwa kwenye tepu. Sehemu ya mwisho, ile besi ya John inayoingia peke yake baada ya kila kitu kunyamaza, Waingereza wanaijua vizuri kwasababu BBC waliitumia miaka mingi kwenye matangazo ya mbio za magari za Formula 1. Nimejaribu kuisikiliza kwa sauti ndogo, haiwezekani, mkono wenyewe unaenda kwenye volyumu.

Halafu kuna hili la tepu ambalo ningependa kila mtu anayeisikiliza albamu alijue. Walirekodi na kuongeza sauti juu ya sauti kwa miezi, tepu ile ile inazungushwa kwenye mashine tena na tena, mpaka ikaanza kulika, dramu zikapoteza ukali, zikawa hazina uhai. Bahati nzuri wakati wanarekodi mwanzoni walikuwa na tepu ya pili ya zile dramu ambayo haikuguswa. Shida ni kwamba mashine hizo mbili hazikuwa na kitu cha kuziendesha pamoja, kwahiyo fundi alikaa na hedifoni, dramu za tepu moja sikio la kushoto, za tepu nyingine sikio la kulia, anarekebisha spidi kwa mkono wimbo mzima ili zisipishane. Zile dramu safi mnazozisikia leo zimeokolewa hivyo. Prodyuza Ken Caillat na Richard Dashut wanastahili sifa kuliko wanazopewa.

"Songbird" uko peke yake. Caillat aliona studio haiufai, wakaenda ukumbi wa Zellerbach kule Berkeley, Christine akakaa na piano jukwaani ukumbi hauna watu, wakarekodi usiku kucha mpaka asubuhi. Ule mwangwi unaousikia nyuma ya sauti ni ukumbi wenyewe. Tangu Christine afariki 2022 huu wimbo nausikiliza kwa utaratibu zaidi.

Sio kila kitu kimenikaa. "Oh Daddy" unaburuza, upo karibu na mwisho ambapo msikilizaji anahitaji kunyanyuliwa, na kinachonikera ni kwamba nafasi ilikuwepo ya "Silver Springs" wa Stevie. Waliouondoa kwenye albamu walisema ni mrefu mno kwa santuri, ukaishia upande wa pili wa singo ya "Go Your Own Way" na Stevie akaumia sana. Mwaka 1997 bendi iliporudi pamoja akauimba jukwaani anamkazia macho Lindsey, tafuteni hiyo video, ni moto.

Albamu ilitoka Februari 4, 1977, ikakaa namba moja Marekani wiki 31, ikachukua Grammy ya albamu bora ya mwaka kwenye tuzo za 1978, imeuza zaidi ya nakala milioni 40. Lakini namba hazikwambii kwamba "Gold Dust Woman" unaofunga albamu una Mick anavunja vioo studio ili kupata ule mlio, na ni wimbo wa kutisha kwelikweli, sio wa kuweka wakati mnapiga stori na wageni.

Nyota tano kwangu, na hiyo "Oh Daddy" haipunguzi kitu. Mkitaka kununua, santuri ya zamani ina raha yake, ila kama ni CD chukueni toleo la 2004 au la 2013, yote yana "Silver Springs" ndani, na msizicheze nyimbo kwa kuchanganya, anzeni na "Second Hand News" mwende mpaka mwisho.